Shika Usiku Wako: Vidokezo vya Kutembea Rwenzori Wiki Nzima Mvuani

Ukisimama Kasese, magharibi mwa Uganda, ukageukia kule iliko Rwenzori, mara nyingi huoni mlima. Unaona wingu limetulia pale kama limepanga chumba. Nyuma ya wingu hilo kuna Margherita, kilele cha mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya vilele vya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ndiko unakopita Mzunguko wa Kati, safari ya miguu ya siku saba au nane: unaanzia Nyakalengija, unalala kwenye vibanda vya Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, Kitandara na Guy Yeoman, kisha unateremka mpaka ulikoanzia.

Mimi ni mtoto wa Moshi. Nilikuwa nimeshapanda Kilimanjaro mara mbili nilipokwenda Rwenzori, nikaamini mlima naujua. Lakini Kilimanjaro ukivuka mita 4,000 unakanyaga vumbi na mawe. Rwenzori kwenye mita 4,000 bado unakanyaga maji. Usiku wa pili kila nilichobeba kilikuwa kimelowa, hata mfuko wa kulalia, na sikupata usingizi. Alfajiri mwongozaji wetu, mzee wa kabila la Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, alikuja na kikombe cha chai, akanitazama, akasema: “Mwanangu, mchana utalowa tu. Wewe shika usiku wako.” Karibu yote ninayoyaandika hapa yanatoka katika sentensi hiyo.

1. Nguo seti mbili, na mpaka kati yake

Seti ya kwanza ni ya njiani. Italowa siku ya kwanza na huenda isikauke mpaka urudi mjini. Seti ya pili ni ya usiku: fulana ya sufu au ya nyuzi za viwandani, suruali nzito laini, sweta, soksi nene za sufu na kofia ya kufuma. Hii ya pili haijui mvua. Inavaliwa ndani ya kibanda baada ya kujifuta, na inavuliwa kabla ya kuondoka.

Mtihani huja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu, kibaridi kimekaza, nguo za usiku zina joto la mwili wako, na zile za njiani zinaning'inia kwenye kamba zikiwa mbichi, baridi kama samaki wa sokoni. Nje hakunyeshi. Moyo unakwambia, leo mvua imepungua, ngoja niende na hizi kavu. Usiusikilize. Saa nne mvua inarudi, na jioni unafika kwenye kibanda cha juu zaidi, chenye baridi zaidi, huna hata kipande kimoja kikavu. Zivae zile mbichi, kaza meno, ondoka. Ukitembea dakika kumi mwili unazipasha na unasahau.

2. Usichague mwezi kwa kudhani kuna mwezi mkavu

Vipindi vyenye nafuu ni viwili: kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na Juni hadi mwanzoni mwa Agosti. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua huwa nzito. Hata hivyo nafuu maana yake ni kwamba mvua hunyesha kwa saa chache badala ya kutwa nzima. Weka siku moja ya akiba katika ratiba yako, na mwambie mwajiri wako hivyo mapema.

Ndani ya siku nako kuna saa. Mara nyingi asubuhi huwa na uwazi, mawingu hupanda kadiri jua linavyopasha mabonde, na mchana ndipo yanapomwaga. Kwa hiyo saa moja asubuhi uwe umeshaanza safari. Vijito vilivyokufika kwenye vifundo asubuhi vinaweza kufika magotini alasiri baada ya mvua kubwa, na ukikuta mto umejaa, kusubiri saa mbili au tatu si aibu. Maji ya mlimani hupanda haraka na hushuka haraka.

3. Gamboti kwanza, buti la mlimani baadaye

Kidokezo hiki watu hukidharau kwa sababu gamboti ni kiatu cha shambani na cha kuoshea ng'ombe. Rwenzori ndicho kiatu cha njia. Waongozaji wanalivaa, wapagazi wanalivaa, na mgeni aliyekuja na buti la ngozi la bei kubwa analivaa kuanzia siku ya pili au ya tatu. Buti la ngozi likishajaa tope linakuwa zito, halikauki, na linakukata vidole. Gamboti unalipindua, maji yanamwagika, unaendelea.

Linunue likiwa kubwa kidogo kuliko mguu wako, saizi moja hivi, ili liingie na soksi mbili. Liwe refu mpaka chini ya goti, na soli yake iwe na meno. Litembelee nyumbani wiki mbili kabla ya safari, hasa kwenye miteremko, kwa sababu gamboti halishiki kifundo cha mguu kama buti. Buti lako la barafu, la kufungia meno ya chuma kule juu ya Elena, libebe kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji mpaka siku ya kilele.

4. Bigo: tazama unapokanyaga

Baada ya John Matte njia inaingia kwenye vinamasi vya Bigo, cha chini na cha juu. Majani yamejikusanya kama vichwa vya watu walioota nywele nyingi, na kati ya kichwa na kichwa kuna tope jeusi. Sehemu nyingine zimewekewa njia ya mbao, na nyingine hazijawekewa, au mbao zimezama.

Pima kwa fimbo kwanza. Kanyaga katikati ya kichwa cha majani, si ukingoni, kwa sababu ukingo unapinda na kukutupa. Usiruke ukiwa umebeba mzigo. Ukizama mpaka gotini, usivute mguu kwa nguvu juu moja kwa moja, maana mguu utatoka na gamboti litabaki. Pinda kisigino, uzungushe mguu kidogo kidogo ili hewa iingie, kisha uvute taratibu huku mwenzako ameshika fimbo yako. Na ubao uliolowa ni hatari kuliko tope: tembea hatua fupi, unyayo wote ukilala.

Wageni wengi husema Bigo ni sehemu mbaya ya safari. Mimi naipenda. Ukiinua kichwa unaona lobelia zimesimama kama mishumaa kumzidi mtu kimo, na senesio zenye mashina mazito zikiwa zimejifunika majani yao makavu kama blanketi. Mimea hiyo inaishi kwenye mlima ambao, kila siku, mchana ni kipupwe na usiku ni baridi ya kugandisha. Senesio haiyaangushi majani yake yaliyokufa. Huyaweka yamezunguka shina ili kuzuia baridi. Nayo imeshika usiku wake.

5. Miguu ndiyo gari

Mguu ukikaa kwenye maji siku nyingi, ngozi inakuwa nyeupe, inakunjamana, inakuwa laini, na msuguano mdogo unaichana. Dawa yake ni usiku. Ukifika kibandani, vua, osha, futa hata katikati ya vidole, uache miguu wazi hewani nusu saa kabla ya kuvaa soksi za kulalia. Asubuhi pakaa mafuta ya mgando kwenye nyayo, visigino na kati ya vidole. Yanazuia maji kuingia kwenye ngozi na yanapunguza msuguano.

Soksi za njiani ziwe jozi tatu. Zilizolowa zikamue kwa nguvu mpaka zisidondoke, kisha uziweke tumboni juu ya fulana ukiwa ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi utakuta zina unyevu tu, na tena zina joto. Jozi moja kwa usiku inatosha. Ukilundika nguo zote mbichi humo ndani, mfuko wenyewe utalowa. Ukisikia sehemu moja ya mguu inachoma ukiwa njiani, simama hapo hapo ubandike plasta. Lengelenge halisubiri kibanda kinachofuata.

6. Pamba ibaki nyumbani

Fulana ya pamba, jinzi, kanga ya kujifunga: vyote vinanyonya maji na kuyashika, na maji hayo yanakunyang'anya joto. Sufu ikilowa bado inapasha. Sweta za sufu na za nyuzi za viwandani zimejaa kwenye masoko ya mitumba, kuanzia Gikomba ya Nairobi hadi Karume ya Dar es Salaam, kwa bei ambayo haihitaji mkopo. Ziangalie lebo, na kama lebo imekatwa, lowesha ncha ya mkono wake uone inakauka kwa muda gani.

7. Mzigo uvae koti lake ndani

Kava la nje la begi linasaidia kidogo, kwa sababu maji hupita mgongoni mwako na kuingia upande usiofunikwa. Kinga ya kweli iko ndani. Mfuko wa kulalia na nguo za usiku viwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kuviringisha mdomo mara tatu kabla ya kufunga. Kisha uweke mfuko huo ndani ya mwingine. Kiberiti, simu, pasipoti na pesa vikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana.

Anayesafiri kwa basi akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Usipange safari yako ya mlimani kwa kutegemea mifuko ya dukani ambayo itachukuliwa mpakani.

8. Jasho nalo ni mvua

Watu wengi hulowa kutoka ndani. Wanafunga koti mpaka shingoni, wanapanda mwinuko kwa kasi, na wakifika juu fulana inakamulika ingawa mvua haikuingia. Anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Fungua zipu ya kifua kwenye mwinuko, punguza mwendo mpaka uweze kuongea bila kuhema, na ukisimama kupumzika, vaa kitu cha ziada papo hapo kabla mwili haujapoa. Mwendo wa pole pole unaosifiwa Kilimanjaro kwa ajili ya hewa nyembamba, Rwenzori unakusaidia pia kubaki mkavu.

Mwavuli? Chini ya Nyabitaba, kwenye msitu, unafaa kabisa. Juu zaidi upepo utauchukua.

9. Kula kabla hujasikia njaa

Kutetemeka ni kazi, na kazi inataka chakula. Kwenye mvua hakuna anayetaka kusimama kula, ndiyo maana chakula kikae mfukoni: karanga, ufuta wenye asali, chapati iliyoviringishwa, ndizi kavu, kipande cha sukari guru. Kula kidogo kila saa. Maji nayo husahaulika, kwa kuwa koo halikauki na mwili wote umelowa. Beba chai ya tangawizi kwenye themosi na uinywe njiani, usiingoje jioni. Kama una nafasi, nunua kahawa kwa wakulima wa chini ya mlima. Miteremko ya Rwenzori hutoa arabika nzuri, na harufu yake kibandani hubadilisha nyuso za watu.

10. Adabu za kibandani

Piga hodi. Vua gamboti nje na uyapindue, yasijae mvua usiku. Koti linalodondoka libaki mlangoni. Usitandike nguo zako mbichi juu ya kitanda cha mwenzako kwa sababu tu pana kamba, na usiimeze kamba yote peke yako. Fungua dirisha kidogo hata kama kuna baridi: pumzi za watu kumi na nguo zao mbichi hujaza chumba unyevu, na unyevu huo huingia kwenye mifuko ya kulalia. Wala usiingize jiko la mkaa chumbani kujipasha moto. Gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Usiku utasikia mlio wa kukwaruza ukipanda mpaka kuwa ukelele. Huyo ni perere, mnyama mdogo kama sungura. Lala.

11. Jua dalili za mwili uliopoa

Naomba uisome sehemu hii mara mbili. Mwili unaweza kupoa kiasi cha kuua bila theluji yoyote. Mvua, upepo na nyuzi joto nane zinatosha, hasa kwa mtu aliyechoka na mwenye njaa.

Kwanza anatetemeka. Kisha vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa mahali ambapo hapana kitu, ulimi unakuwa mzito, anajibu maswali kwa mkato au hajibu. Anaweza kukwambia kwamba yuko sawa. Usimwamini, mpe kazi ndogo, kama kuhesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Mtetemeko ukikoma naye hajapata joto, hali ni mbaya sana.

Mtoe kwenye upepo. Mvue nguo zote zilizolowa, mkaushe, mvishe kavu, mwingize kwenye mfuko wa kulalia ukiwa umetandika kitu chini yake, kwa kuwa ardhi inanyonya joto. Mwenzake mkavu alale naye. Kama ana akili timamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe waragi. Pombe inapeleka damu yenye joto kwenye ngozi. Anahisi amepata moto huku joto la ndani likitoka. Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini seti ya nguo kavu haiguswi: siku hiyo huenda ikavaliwa na mtu mwingine.

12. Kichwa kikiuma, usisingizie mvua

Nyabitaba iko kwenye mita 2,650 hivi, Bujuku karibu mita 3,960, Elena mita 4,540 hivi. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukivuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata. Ukiweza kulala Bujuku usiku mbili, lala. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za hewa nyembamba. Ukiwa nazo usipande. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Dawa za kuzuia uliza daktari kabla hujaondoka nyumbani.

13. Mvua yako ni ya mpagazi pia

Anayebeba mzigo wako analowa kama wewe, ana watoto kama wewe, na kesho kutwa atapanda tena na mgeni mwingine. Kabla ya kuondoka Nyakalengija, omba mizigo ipimwe mbele yenu, na utazame kama kila mmoja ana gamboti zima, koti la mvua na blanketi. Kama hana, lisemeni hapo chini, ambako linaweza kutatuliwa. Mkifika kibandani, ulizia wanapolala wao.

Kiswahili kitakusaidia. Kasese iko karibu na Kongo, biashara inapita mpaka wa Mpondwe kila siku, na Wakonzo wengi wanakiongea kwa sababu ndugu zao Wanande wako ng'ambo ya mpaka. Salimia kwa jina la heshima, mzee au kaka, kisha uulize habari za nyumbani kabla ya habari za njia. Mengi niliyojua kuhusu mlima huu niliambiwa jikoni, wakati wa kusubiri maji yachemke.

14. Maji haya yanakwenda mbali

Mto Mubuku unashuka kutoka barafu na vinamasi hivi hadi Ziwa George, na kutoka huko maji yanapita Ziwa Edward na mto Semliki, hatimaye yanaingia Nile. Kwa hiyo choo ni cha kibandani tu, au mbali kabisa na kijito. Taka zote zirudi nawe, pamoja na mabetri na karatasi za peremende. Tope la baridi haliozeshi kitu. Ulichokitupa leo, mjukuu wako atakikuta.

15. Wingu likifunguka, amka

Wazungu kadhaa walipita maeneo haya katika karne ya 19 bila kujua kwamba kuna theluji, kwa sababu ya wingu. Mwaka 1888 Henry Morton Stanley alikuwa njiani na msafara wenye mamia ya wapagazi kutoka Unguja, na kwa maelezo yake mwenyewe ni kijana mmoja aliyemwonesha mlima uliosemekana umefunikwa chumvi. Ilikuwa theluji.

Barafu hiyo imepungua sana tangu Waitaliano wa msafara wa Duke wa Abruzzi walipofika Margherita mwaka 1906, na inaendelea kupungua. Anayetaka kuiona asiahirishe miaka mingi.

Mara nyingi wingu hufunguka usiku wa manane au kabla ya mapambazuko. Utatoka kujisaidia ukiwa Bujuku, utainua macho, na milima ya Stanley, Speke na Baker itakuwa imekuzunguka pande tatu, miamba ikiwa myeusi na nyota zimejaa. Inaweza kudumu dakika kumi. Nguo zako za usiku ni kavu, gamboti yako mlangoni. Rudi ndani ukawaamshe wenzako, uanze na mpishi.